Muda au Moto

Mwaka jana, mwezi wa tisa, mama yangu alitoka kliniki na karatasi ndogo. Juu kulikuwa na namba za presha, 158 kwa 96. Chini yake jina la dawa, tembe moja kila asubuhi. Halafu, kwa mwandiko wa haraka: "Punguza chumvi. Fanya mazoezi." Basi. Mazoezi gani, kiasi gani, karatasi haikusema.

Mama ni fundi wa nguo Kangemi. Anakaa kwa cherehani kuanzia asubuhi mpaka giza liingie, na tangu tuifunge mota, hata miguu haikanyagi tena. Januari, wakati wa sare za shule, anakula akiwa amekaa hapohapo.

Jirani yetu Mama Brayo akamwambia atembee saa nzima kila siku kama yeye. Binamu yangu Kevo, anayeshinda kwenye jimu ya mtaa, akamwonyesha video kwa simu: dakika nne tu, lakini dakika nne za kufa na kupona. Mmoja anasema muda, mwingine anasema moto. Mama akanigeukia. "Wewe ndiye unashinda na vitabu. Niambie, nifanye ndefu ama nifanye ya nguvu? Muda sina, na kufa pia sitaki."

Nilidhani ni swali la jioni moja. Kumbe watu wameligombania kwa karibu miaka 90, na ugomvi wenyewe umepita uwanjani, kwenye basi, hospitalini, mpaka kwenye barabara za vumbi za Iten. Nilichokuta huko ndicho hiki.

Moyo hukua ukipumzika

Tuanzie Ujerumani, mji wa Freiburg, mwishoni mwa miaka ya 1930. Kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell walitaka kuupa moyo nguvu bila kumzungusha mtu siku nzima. Wakayakata masafa marefu vipande. Unakimbia mita 100 au 200, mapigo ya moyo yanapanda hadi karibu 180 kwa dakika. Halafu unapumzika mpaka yashuke karibu 120. Yakishuka, unaenda tena. Yakikataa kushuka ndani ya dakika moja na nusu, siku yako imeisha, enda nyumbani.

Kuna jambo hapa ambalo limesahaulika. Kwa jamaa hawa wawili, dawa ilikuwa kwenye pumziko. Waliamini moyo unapanuka katika zile sekunde za kurudisha pumzi, na ndiyo maana mtindo wote ukaitwa kwa jina la ile nafasi iliyo kati ya mbio mbili. Leo ukiingia jimu yoyote utasikia mtu akijisifia ukali wa vipande vyake. Sijawahi kusikia mtu akijisifia kupumzika.

Mwanafunzi maarufu wa Gerschler alikuwa Rudolf Harbig. Tarehe 15 Julai 1939, mjini Milan, alikimbia mita 800 kwa dakika 1:46.6. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu miaka 16. Harbig mwenyewe hakudumu. Alikufa mwaka 1944 akiwa mwanajeshi katika uwanja wa vita wa mashariki, akiwa na umri wa miaka 30.

Vita vilipokwisha, mtu aliyeubeba moto huo alitoka Chekoslovakia. Emil Zátopek alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata huko Zlín, kisha akawa askari. Alifanya mazoezi msituni akiwa amevaa buti za jeshi. Wenzake walishangaa: mtu wa mbio ndefu anafanya nini na vipande vya mita 400? Yeye aliona kukimbia polepole tayari anajua, kilichobaki ni kujifunza kasi. Helsinki, mwaka 1952, akashinda mita 5,000, mita 10,000, na marathoni, ambayo ndiyo ilikuwa marathoni yake ya kwanza maishani. Hakuna mwingine aliyewahi kushinda zote tatu katika Olimpiki moja.

Mashabiki wa moto hadi leo wanamtaja Zátopek kama shahidi wao. Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Vipande 20 vya mita 400 kwake vilikuwa kawaida, na kuna nyakati alifika 60. Hizo ni kilomita 24 za kasi, bila kuhesabu zile za kujikokota kati ya kipande na kipande. Huyo ni mtu wa moto, sawa. Lakini pia alikuwa na muda, tena muda mwingi. Nikaandika pembeni mwa daftari: labda swali limeulizwa vibaya.

Konda na dereva

Wakati Zátopek anakusanya medali, daktari mmoja wa London alikuwa akiangalia mabasi. Jerry Morris alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa unaongezeka Uingereza. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili na kila basi lilikuwa na wanaume wawili: dereva aliyekaa siku nzima, na konda aliyepanda na kushuka ngazi akikata tiketi, ngazi kama 500 hadi 750 kwa siku. Kampuni moja, mtaa mmoja, mshahara unaokaribiana. Mwaka 1953 Morris alichapisha matokeo. Makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata walipona zaidi.

Nilimsomea Mama sehemu hii akiwa anapiga kola. Hakuinua kichwa. "Kwa hivyo mimi ni dereva," akasema.

Kuna kipande cha pili ambacho nilijua atakipenda. Watu walimwuliza Morris: je, si huenda wanene ndio wanaochagua udereva? Kwa hiyo akaenda kutafuta vipimo vya sare. Akakuta kweli, viuno vya suruali za madereva vilikuwa vikubwa kuliko vya makonda. Shaka ikabaki. Mama aliposikia akacheka: fundi angemwambia hayo tangu mwanzo, bila utafiti.

Morris hakuishia hapo. Alifuata maelfu ya maafisa wa serikali, watu wa kukaa ofisini, akawauliza walifanya nini siku zao za mapumziko. Mwaka 1973 akaripoti kwamba waliopona moyo zaidi ni wale waliotoa jasho kweli: kuogelea, kukimbia, kulima bustani kwa nguvu. Shughuli nyepesi, hata zikiwa nyingi, hazikuonyesha faida hiyo. Yaani mtu yuleyule aliyeanza na ngazi za polepole za kutwa nzima aliishia upande wa moto. Ila mabasi yale na ofisi zile zilikuwa na wanaume watupu katika hesabu yake. Mama yangu hayumo.

Mchana wa saa moja

Rudi mwaka 1954. Tarehe 6 Mei, Oxford, Roger Bannister alikuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne: 3:59.4. Tunapenda kuisimulia kama hadithi ya ujasiri. Mimi naiona kama hadithi ya ratiba. Bannister alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Nafasi yake ya mazoezi ilikuwa mapumziko ya mchana. Hangeweza kukimbia kilomita 30 halafu arudi wodini. Kwa hiyo alifanya vipande kumi vya robo maili, na dakika mbili za kupumzika katikati. Alichagua moto kwa sababu muda hakuwa nao.

Na hata yeye alikwama. Majira hayo ya kuchipua, vipande vyake vilikataa kushuka chini ya sekunde 61. Akaacha kila kitu, akaenda kukwea milima Scotland siku chache na rafiki yake. Aliporudi, vikashuka hadi sekunde 59. Wale wa Freiburg wangetikisa kichwa tu: pumziko limefanya kazi yake.

Miezi miwili baadaye, Julai, Wakenya wawili walifika London kushindana White City. Lazaro Chepkwony alikimbia maili sita bila viatu, akipanda na kushuka kasi hadi akaumia na kujitoa. Siku iliyofuata Nyandika Maiyoro kutoka Kisii akaingia maili tatu. Alitoka mbio tangu mwanzo akawaacha Waingereza kwa mbali. Mwishowe Fred Green na Chris Chataway walimpita, na ili kushinda iliwabidi wavunje rekodi ya dunia. Maiyoro akawa wa tatu.

Kwa macho ya London ya siku zile, huyu alikuwa mtu asiyejua kupanga kasi. Lakini kumbuka alikotoka. Aprili mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa imefanya Operesheni Anvil hapa Nairobi, na maelfu ya watu wakapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini. Bannister alilalamika hana muda, na alikuwa na haki. Ila kuna wengine ambao hata mwendo wao barabarani ulihitaji kibali. Muda wa kukimbia haujawahi kugawiwa sawa.

Mtengeneza viatu wa Auckland

Upande wa muda nao ulipata nabii wake. Arthur Lydiard alifanya kazi kiwanda cha viatu huko Auckland, New Zealand. Alikuwa anacheza raga na akijiona yuko fiti, mpaka mwenzake wa klabu alipomchukua wakakimbie maili tano. Ilibaki kidogo azimie. Akajiuliza: kama nikiwa hivi sasa, nikizeeka nitakuwaje? Akaanza kujifanyia majaribio mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, wiki nyingine akikimbia kidogo, nyingine akipitiliza. Akatua kwenye maili 100 kwa wiki, yaani kilomita 160, na Jumapili mzunguko wa milimani wa kilomita 35 unaoitwa Waiatarua.

Alichoshangaza watu nacho ni kuwapa mzigo huohuo vijana wa mbio fupi kidogo. Peter Snell, mtu wa mita 800, mbio zisizofika dakika mbili, naye alikimbia Waiatarua. Makocha wengine waliona ni wazimu.

Tarehe 2 Septemba 1960, Roma, Snell akashinda mita 800. Aliyemshinda kwa kifua ni Roger Moens wa Ubelgiji, yule ambaye mwaka 1955 ndiye aliyeivunja ile rekodi ya Harbig. Muda haujapita sana uwanjani humohumo, Murray Halberg, mwanafunzi mwingine wa Lydiard, mwenye mkono mmoja uliokauka baada ya ajali ya raga, akashinda mita 5,000. Na katika mbio hizo, sekunde kama tisa nyuma yake, nafasi ya sita, alikuwa nani? Nyandika Maiyoro, miaka sita baada ya London. Mtu aliyesemekana hajui kupanga kasi alikuwa wa sita duniani.

Baada ya Roma dunia ikageuka. Vipande vikaonekana vya zamani, kila mtu anataka masafa. Lakini hapa tena, ukisoma vizuri, hadithi haikai jinsi inavyosimuliwa. Lydiard hakusema mbio ndefu pekee zinatosha. Zile kilomita 160 zilikuwa msingi wa miezi kadhaa. Baada yake walikuja kwenye vilima, wakaruka na kupanda. Baada ya vilima wakaingia uwanjani na kufanya vipande vikali, kama Wajerumani. Alipanga muda utangulie, moto ufuate. Ni kama kupika maharagwe, huwezi kuanza na kitunguu.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko medali. Alianza kuwakimbiza watu wa kawaida wa Auckland, wanaume wa makamo, wakiwemo waliowahi kuugua moyo. Wakati huo mgonjwa wa moyo aliambiwa alale. Lydiard aliwaambia wakimbie polepole, kasi ambayo bado unaweza kupiga stori. Kocha wa Marekani Bill Bowerman alipomtembelea, alijiunga na kikundi hicho akidhani ni mchezo. Mzee wa zaidi ya miaka 70, aliyewahi kupata shambulio la moyo, alibaki nyuma naye kwa huruma, akiongea njia nzima, huku Bowerman akihema. Bowerman akarudi Oregon, na mwaka 1967 akatoa kitabu pamoja na daktari wa moyo, kilichoitwa Jogging. Wale unaowaona asubuhi Arboretum na Karura, chimbuko la mtindo wao lina wagonjwa ndani yake.

Neno la Kiswidi huko Iten

Sasa tuje nyumbani. Ukiwa Iten Alhamisi asubuhi, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, utaona kundi la wakimbiaji mamia wakingoja. Saa ikilia wanatoka. Dakika moja kali, dakika moja pole. Ama mbili kali, moja pole. Wanaliita fatleki.

Neno hilo ni la Kiswidi, fartlek, mchezo wa kasi. Kocha Gösta Holmér aliubuni mtindo huo miaka ya 1930 kwa sababu Wafini, wakiongozwa na Paavo Nurmi, walikuwa wanawapiga Waswidi kila mara. Holmér hakutaka uwanja wala saa. Mkimbiaji aingie msituni, aongeze kasi anapotaka, apunguze anapotaka. Yaani alikataa kuchagua. Baadaye Gunder Hägg, Mswidi, akashusha rekodi ya maili hadi 4:01.4 mwaka 1945. Ukifikiria, Chepkwony akipandisha na kushusha kasi pale White City alikuwa karibu sana na wazo hilo. Tofauti ni kwamba Mswidi aliitwa mbunifu.

Wageni wanaokuja kwetu kutafuta siri hupenda kuondoka na kitu kimoja. Mwingine anaondoka na Alhamisi: Wakenya wanajiua. Mwingine anaondoka na Jumatano: Wakenya wanakimbia polepole mpaka unaweza kuwafuata. Wote wameona kweli. Kaptagat, kambi ya Eliud Kipchoge na kocha Patrick Sang, kwa miaka wiki imekuwa na uwanja Jumanne, mbio ndefu za kilomita 30 au 40 Alhamisi, fatleki Jumamosi. Siku nyingine zote ni mbio laini zinazoanza kwa mwendo wa mtu anayeenda dukani. Kwa wiki ya namna hiyo, mwaka 2019 mjini Vienna, Kipchoge alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1:59:40.

Mtafiti Stephen Seiler, Mmarekani aliyehamia Norway, alipohesabu mazoezi ya mabingwa wa kupiga makasia, wa kuteleza kwenye theluji na wa mbio, alikuta mpangilio uleule ukijirudia. Katika kila siku kumi za mazoezi, kama nane ni za polepole na mbili ni za moto. Mabingwa hawakuwa upande wowote wa ugomvi. Ugomvi ulikuwa wetu.

Dakika nne za Kevo

Tukirudi kwa ile video ya binamu yangu, ina baba yake. Mwaka 1996 Mjapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha utafiti uliotokana na mazoezi ambayo kocha Irisawa Koichi aliwapa watelezaji wa barafu. Sekunde 20 za nguvu zote kwenye baiskeli ya mazoezi, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Kundi lingine likaendesha kwa saa nzima, kasi ya kati. Siku tano kwa wiki, wiki sita. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni, na lile la dakika chache likapata faida ya ziada: misuli iliweza kufanya kazi zaidi hata oksijeni ikipungua.

Hiyo ndiyo sehemu iliyofika kwa simu ya Kevo. Sehemu ambazo hazikufika ni hizi. Waliofanya ni vijana wa kiume, wanafunzi wa michezo, tayari wenye nguvu. Ukali ulipimwa hadi mtu ashindwe kabisa kuendelea, kitu ambacho wengi wetu sebuleni hatufiki. Na katika kundi hilo la moto, siku moja kati ya tano waliendesha dakika 30 za polepole kwanza. Muda ulikuwemo ndani ya moto tena.

Kilichonipa hofu na matumaini kwa pamoja ni Trondheim, Norway. Mwaka 2007 Ulrik Wisløff alichukua wagonjwa 27 ambao moyo umechoka, wastani wa umri wao ukiwa miaka 75. Baadhi walitembea kwa kasi ya kati. Wengine walifanya vipande vinne vya dakika nne, vikali, wakipanda mwinuko kwenye mashine, mbele ya wataalamu. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda asilimia 46 kwa wale wa moto, asilimia 14 kwa wengine. Wazee, tena wagonjwa! Nikaona jibu limepatikana.

Halikuwa limepatikana. Jaribio kubwa zaidi, la hospitali kadhaa za Ulaya, lilitoa matokeo mwaka 2017, na moto haukuushinda mwendo wa kati. Sababu moja ilinifurahisha. Walipoangalia mapigo ya moyo, zaidi ya nusu ya wale wa moto hawakufikia ukali walioambiwa, na wengi wa wale wa polepole waliupita. Binadamu ukimwambia akimbie huku au kule, mwili wake unatafuta katikati. Mwaka 2020 tena Trondheim ikatoa matokeo ya zaidi ya wazee 1,500 waliofuatwa miaka mitano. Kati ya waliopewa programu ya mazoezi na walioambiwa tu wafuate ushauri wa kawaida wa serikali, vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Moja ya sababu ni kwamba hata hao wa ushauri wa kawaida hawakukaa. Walitoka nje wakafanya mazoezi.

Shirika la Afya Duniani nalo mwaka huohuo likaandika bei ya kubadilishana: dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kati kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za nguvu, au mchanganyiko. Dakika moja ya moto ni kama mbili za polepole. Ugomvi wa miaka 90 ukageuka kuwa duka la kubadilisha pesa. Unalipa kwa muda ama unalipa kwa maumivu, na kila mtu anaangalia mfuko wake una nini.

Ndiyo maana nadhani historia hii haikuwa hasa juu ya moyo. Bannister alilipa kwa maumivu kwa sababu alikuwa na mchana mmoja. Lydiard alilipa kwa muda kwa sababu aliutafuta hadi akaupata, kabla na baada ya kazi. Vijana wa Iten wanalipa vyote viwili kwa sababu mbio ndiyo kazi. Sisi wengine tunaambiwa "fanya mazoezi" kana kwamba kila mtu ana saa moja imekaa mahali ikimngoja.

Kilima

Nilimweleza Mama haya yote kwa siku kadhaa, vipande vipande, na mapumziko katikati. Tulirudi kliniki kwanza. Nesi alisema atembee, lakini mambo ya kujisukuma sana yangoje presha ishuke. Kevo alinuna kidogo. Kwa hiyo tukaanza kama Lydiard: msingi. Kila jioni saa kumi na moja na nusu anazima mota, anavaa raba zangu za zamani, tunatembea dakika 30 tukipiga stori. Akishindwa kuongea, tunapunguza. Kuna wiki za sare ambazo tulitembea dakika 10 tu kuzunguka soko. Tulizihesabu hata hizo.

Mwezi wa pili presha ilisoma 138 kwa 86. Dawa inafanya kazi yake, chumvi imepungua, na siwezi kukuambia ni kipi kilifanya nini. Nesi alimruhusu kupandisha kidogo.

Huku kwetu ukitoka barabarani ukielekea mtoni kuna mteremko mkali, na ukishuka lazima upande. Jumamosi iliyopita tulishuka. Tulipogeuka, Mama alikaza shuka kiunoni akapanda kwa haraka, bila kusimama, mimi nyuma yake nikihesabu sekunde kwa simu. Alipofika juu alishika nguzo ya stima. Nilitaka kumwuliza kama yuko sawa, akaniinulia kidole kimoja: ngoja.

Nikangoja. Mabega yalipanda, yakashuka, yakatulia. Dakika moja hivi.

"Sasa hii," akasema pumzi ilipomrudia, "ndiyo ile ya Wajerumani?"

Nikamwambia hii aliyomaliza sasa hivi, ya kushika nguzo, ndiyo hasa yenyewe. Akanitazama kama nimemdanganya. Kisha akageuka, akaanza kushuka tena.